Mwana Hiti Hadaiwi

Nimeingia katika majumba mengi ya makumbusho kuliko wanawake wengi wa Mtoni wa rika langu, na sikumbuki hata moja nililoingia kwa furaha. Wenzangu siku za mapumziko walikwenda kwenye shughuli, au kumtazama mgonjwa hospitali ya Mwananyamala. Mie na mdogo wangu tulikwenda kutafuta kipande cha mti kilichotoka nyumbani kwetu kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na mama yetu akakipigia vigelegele.

Nianze na huo mti. Sisi ni Wazaramo. Baba alitoka Kisarawe kufuata kazi ya bandarini, akajenga Mtoni, na mama alipomfuata alikuja na vitu vichache tu. Kimoja kilikuwa mwana hiti wa upande wao. Ukimwona ni kinyago kidogo unachoweza kukishika kwa mkono mmoja, hakina mikono wala miguu, kina kichwa, shingo, kiwiliwili na vititi vidogo, na juu nywele zimechongwa kushoto na kulia. Binti akivunja ungo akawekwa ndani, hupewa huyo amlee. Kila asubuhi humwosha, humpaka mafuta ya mbarika, humvika shanga, na usiku hulala naye. Wanasema akimlea vizuri atalea na wa kwake, na akimwacha akakauka, tumbo lake nalo litakauka.

Siku ya kutolewa nje, mwali huja na mwana hiti mkononi mbele ya ngoma, akapiga magoti na kumkabidhi mwenye naye, pamoja na kuku mtetea na kanga mpya. Mwenye naye akipokea, ndipo mwali ametoka. Kabla ya hapo, hata ukimkuta amesimama katikati ya soko la Temeke, kwa mama yangu yungali ndani.

Mie nilimlea. Mwanzoni nilimwona kero, kwani nilikuwa nimezoea kukimbia na kurukaruka, na sasa nilifungiwa chumbani na gogo lenye shanga. Baadaye nilimzoea, nikawa namsimulia ya nje niliyoyasikia kupitia ukutani. Nilipotolewa alikuwa ananing'aria kwa mafuta ya mikono yangu, nikalia kumwachia. Leo nina watoto wanne. Siamini kwamba ni yeye aliyenipa. Lakini mama aliamini, mdogo wangu aliamini, na imani ya watu wawili ndani ya nyumba moja inatosha kuiendesha nyumba nzima.

Mama alikuwa na sheria mbili juu yake, alizozipokea kwa mama yake. Ya kwanza, mwana hiti akiombwa hanyimwi. Akija mtu wa ukoo akasema nimekuja kuazima mwana, unatoa, hata kama humpendi, maana kumnyima ni kuinyima nyumba yake mtoto. Ya pili, akishatoka hadaiwi. Aliyeazima ndiye anayejua mwali wake yuko wapi, atarudisha mwenyewe. Ukimfuata kumdai, unalifunga tumbo la yule aliyekuwa akimlea. Kwa miaka yote sheria hizo zilifanya kazi, kwa sababu walioazima na walioazimwa walikuwa watu wa aina moja.

Kisha akaja Bwana Utamaduni.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya Azimio, redio ikitaja utamaduni kila muziki ukikatika, na kila wilaya ikaletewa mtu wa kuusimamia. Wa kwetu alitoka bara, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu na viatu vilivyong'arishwa. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, mama angemtambua. Alikuja na mjumbe wetu wa nyumba kumi, na njiani mjumbe alikuwa amemfundisha namna ya kusema ili ampendeze mama. Lo, alimfundisha vizuri.

"Shikamoo mama," akasema, akiinama.

"Marahaba mwanangu. Karibu mkekani."

Akakaa mkekani na suruali yake iliyopigwa pasi. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba la Kisarawe. Kisha akasema, "Mama, nimekuja kuazima mwana. Kuna maonyesho hapa Barabara ya Kilwa. Tunataka taifa lote limwone."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Niliona uso wa mama unavyobadilika. Kwanza aliogopa, kisha akafurahi, na ile furaha ndiyo ninayoikumbuka kwa uchungu. Mtu wa serikali, msomi, amekaa kwenye mkeka wake na kusema maneno ya wanawake wa ukoo wake, neno kwa neno.

Aliinuka akaingia chumbani, nami nikamfuata. Mdogo wangu alikuwa ndani. Alikuwa amemaliza darasa la saba, akavunja ungo, akawekwa, na ngozi yake ilikwisha anza kuwa nyororo kwa kutoliona jua. Mwana hiti alikuwa mapajani mwake, nusu amepakwa mafuta, nusu bado.

"Mtoe," mama akamwambia.

"Na mie, mama?"

"Atarudi kabla hujatoka. Mwana hanyimwi."

Mdogo wangu akammalizia ule upande uliobaki, haraka haraka, akamtoa. Mama akampeleka barazani amefunikwa kanga mpya, akapiga vigelegele, na majirani wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Bwana Utamaduni akampokea kwa mikono miwili. Hata hilo mjumbe alimfundisha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, na nyumba yetu ikaanza kuugua siku ile ile.

Tulikwenda maonyeshoni, mama na mie. Mdogo wangu hakuweza kwenda, mwali hatembei. Mwana hiti alikuwa juu ya meza, katikati ya kinu na mbuzi ya kukunia nazi, bila shanga. Chini yake kulikuwa na kikaratasi, na mama akaniambia nimsomee. Kiliandikwa "Mwanasesere wa Kizaramo". Mwanasesere! Kitu cha watoto kuchezea uani.

"Si kitu," mama akasema. "Wageni hao. Muda si mrefu atarudi."

Akanyoosha kidole amguse shavuni, kuona kama amekauka. Msichana wa zamu akamwambia, "Mama, haturuhusu kugusa." Mama akaomba radhi. Mama yangu akaomba radhi kwa kumgusa mwana wa mama yake!

Maonyesho yakaisha, vibanda vikavunjwa, Barabara ya Kilwa ikarudia vumbi lake. Bwana Utamaduni hakuja. Mama alikuwa akifagia uwanja mapema na kutandika mkeka barazani, eti asije akakuta pachafu. Kuku mtetea alikwisha tengwa upande wa mwali, kanga ilikwisha nunuliwa. Kuku yule alitaga, akaatamia, vifaranga vikakua, na mdogo wangu bado yumo chumbani, mikono mitupu.

"Mama, twende ofisini kwake," nikasema. "Pengine amesahau tu. Atatupa, tutarudi naye."

"Ukienda kumdai, umelifunga tumbo la mdogo wako kwa mkono wako mwenyewe."

"Yule hajui mambo hayo, mama. Yeye anajua ameokota kinyago."

"Alisema nimekuja kuazima. Asiyejua hasemi vile."

Nani angeshindana naye? Baba alisema hayo ni mambo ya wanawake, akajifunika gazeti. Mjumbe alisema suala liko ngazi za juu. Na mama akakaa barazani akingoja, akiamini subira yavuta heri. Mimi nilikwisha ona kwamba subira ya maskini huvuta maskini mwenzake.

Mwishowe upande wa mume ukachoka. Mdogo wangu alikuwa ameposwa na karani mmoja wa Mwananyamala, kijana mpole, na watu wake wakasema wanamtaka mke wao, hawataki hadithi ya kinyago. Basi alitolewa kwa mlango wa uani. Hakukuwa na ngoma wala magoti wala kupokea. Kanga ile mpya alivishwa mwenyewe, na kuku akaliwa kwa wali siku ya harusi. Mama hakumwimbia. Alimshika kichwa tu, akasema, "Nenda, tutaona akirudi."

Nilimpa mama neno moja siku ile, nikamwuliza kama kumtazama nako ni kumdai. Akafikiri sana. Akasema kumtazama si kumdai. Basi ndivyo nilivyogeuka mtembeleaji wa makumbusho.

Mwana hiti hakukaa pahali pamoja. Alizungushwa pwani nzima na sanduku lake la mbao, kwenye tamasha hili na wiki ile ya utamaduni. Tulikuwa tukisikia habari zake kama watu wanavyosikia za ndugu aliyehamishwa kikazi. Mara yuko Bagamoyo, mara amepelekwa kaskazini zaidi, mara yumo ghalani anangoja chumba. Mdogo wangu akija kwangu kutoka Mwananyamala, tunajitanda, tunakwenda.

Bagamoyo tulimkuta chumba kimoja na minyororo ya watumwa. Mwongozaji akatueleza minyororo kwa kirefu, mdogo wangu akiitikia naam, naam, macho yake yakiwa pembeni. Mwongozaji alipofika kwa mwana hiti akasema wasichana wa zamani walichezea vitu kama hivi kabla ya kuja elimu. Mdogo wangu, aliyesoma mpaka la saba, akamwambia, "Ahsante." Tukatoka. Nikamgombeza njia nzima kwa nini hakumjibu. Akasema, "Umeona alivyopasuka shingoni, dada? Hawampaki kitu." Hilo tu ndilo aliloliona.

Mwaka ule alikuwa na ndoa ya miaka kadhaa na hana hata mimba ya kuharibika. Alikwenda hospitali, akapimwa, akaambiwa hakuna kasoro inayoonekana. Alikwenda kwa waganga, wakaona kasoro nyingi. Mumewe alikuwa mvumilivu kuliko mama mkwe. Nilikuwa nikimwambia wako wanawake tele hawajazaa na hawajawahi kuona mwana hiti, na wako waliomlea kwa asali na hawakupata. Alikuwa akinisikiliza kwa adabu, kisha akiuliza, "Jumapili twende tukamtazame?" Kila ufa mpya uliotokea kwenye mti ule aliuhesabu mwilini mwake. Mie nikabaki nawachukia wote: mjumbe, karani, mwongozaji, na yule kijana wa bara mwenye adabu zake, aliyepandishwa cheo na hakuwahi hata mara moja kukumbuka kwamba ameazima.

Miaka ikapita hivyo, hata likafunguliwa jumba jipya la utamaduni katika mji mmoja wa pwani. Jina la mji silitaji, wasije wakasema nimewasingizia. Wakatafuta vikundi vya ngoma vya sherehe ya ufunguzi, na tawi letu likaambiwa lipeleke wanawake wa Kizaramo waonyeshe jinsi mwali anavyotolewa. Mama alikuwa mwimbishaji wetu. Nilidhani atakataa. Alikubali siku ile ile, akaenda kufua kanga zake. Mdogo wangu alikuja kutoka Mwananyamala na kuomba aingie kikundini.

Serikali ikatuletea lori. Tulifika tumejaa vumbi, tukapewa soda, tukaonyeshwa jukwaa. Na hapo akatokea Bwana Utamaduni, sasa ana kitambi na kalamu tatu mfukoni. Alimkumbuka mama!

"Mama yangu huyu!" akawaambia wakubwa wenzake. "Huyu ndiye aliyetuzawadia mwanasesere wetu."

Kutuzawadia. Mama akasema, "Hujambo, mwanangu." Nilimtazama yule bwana aone haya. Alikuwa akitabasamu kwa heshima, mkewe kando yake amevaa kitenge kizuri, watoto wao wawili wakila karanga.

Alitaka onyesho liwe la kweli, akasema. Akafungua kabati la kioo kwa ufunguo wake, akamtoa mwana hiti, akawatazama wanawake wote, na akamchagua mdogo wangu awe mwali kwa sababu alikuwa na umbo jembamba. Hakumjua ni nani. Akampa mkononi kama mtu anayekupa ufagio.

Ngoma ikalia. Mama akaimbisha, sauti yake ilikuwa imekwisha kuzeeka lakini siku ile ilikata. Mdogo wangu akatokea nyuma ya pazia, ameinamisha kichwa, kanga imemfunika. Watazamaji walimwona mwali anayecheza vizuri. Mie nilikuwa karibu, nikaona mikono yake chini ya kanga. Alikuja na kichupa cha dawa ya sindano kimejazwa mafuta ya mbarika, kimefundikwa kwenye pindo. Alikuwa akimpaka huku anacheza. Shingoni penye nyufa, mgongoni, kichwani, kote. Alipofika mbele ya jukwaa na kufunua, mwana hiti alikuwa anang'aa kama nilivyomwacha mie.

Hakuishia pale alipoambiwa aishie. Alishuka jukwaani, akapita mbele ya wageni, akaenda mpaka kwa mama, akapiga magoti, akamwinua mwana hiti kwa mikono miwili.

Ngoma ikanyamaza yenyewe. Wanawake wote wa Mtoni walielewa. Nikasema moyoni, mama, pokea. Pokea tu, hata kwa kumgusa, mtoto wako atoke.

Mama aliificha mikono yake ndani ya kanga. Akamtazama Bwana Utamaduni juu ya kichwa cha mdogo wangu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Aliyeazima ndiye anayerudisha. Njoo unipe wewe, mwanangu."

Hakudai. Mnaona? Hata pale hakudai. Alimwalika.

Bwana Utamaduni akacheka kwa furaha. Akawageukia wageni, akawaambia, "Hizo ni methali za wazee wetu," nao wakapiga makofi. Kisha akaja, akamchukua mwana hiti mikononi mwa mdogo wangu. Mama akatoa mikono, akaikunjua. Yule bwana akauona mti unateleza, akaguna.

"Aa, mafuta tena? Mafuta yanaharibu, dada. Vitu hivi tunavihifadhi kitaalamu."

Akatoa leso mfukoni, akamfuta. Alimfuta polepole, kwa uangalifu, shingoni, mgongoni, kichwani, mpaka akawa mkavu kama alivyokuwa. Mdogo wangu bado yuko magotini. Mama bado amekunjua mikono. Akamrudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo, akaita kikundi kinachofuata.

Kwenye lori hakuna aliyeimba. Tulipokaribia Temeke, mdogo wangu akamsogelea mama, akamwonyesha viganja vyake, bado vina mafuta.

"Mama, si nimemleta? Si umeona? Nimetoka sasa."

Mama hakumtazama. "Hujatoka," akasema.

"Basi nitafia ndani."

"Kama ndivyo alivyotaka Mungu."

Nilitaka kumpiga mama yangu. Nasema kweli. Yule bwana hakujua analolifanya, na asiyejua maana haambiwi maana. Mama alijua. Neno moja lilikuwa mdomoni mwake, halihitaji kabati wala ufunguo, akalinyima. Mwana hiti hanyimwi, lakini mtoto wake wa kumzaa alinyimwa.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alipewa talaka yake, kwa upole kama kawaida ya yule karani. Akarudi Mtoni, chumba kile kile. Ndizo siku za foleni za sukari na sabuni, na mama alikwisha pooza upande mmoja. Mie nilikuwa na watoto na kazi, nikija jioni. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa naye. Kila asubuhi alimwosha, akampaka mafuta ya mbarika mgongoni na miguuni asichubuke, akamvalisha, akamsimulia ya nje, na usiku akalala naye kitanda kimoja. Mama ngozi yake iling'aa mpaka mwisho, kila aliyekuja kumtazama alisema hivyo. Sikuwahi kumsikia akimwambia mdogo wangu ahsante, wala lile neno jingine.

Alipokufa, mdogo wangu ndiye aliyemwosha mara ya mwisho. Wanaume wakaja na jeneza. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Mama akatolewa kwa mlango wa mbele, watu wengi, barabara nzima, na mdogo wangu akasindikiza mpaka kwenye kizingiti. Nilimwambia, "Twende tukae barazani na wenzetu." Akaitazama mikono yake mitupu, akatikisa kichwa, akarudi chumbani, akafunga mlango.